Yai Lililokuwa Kifuani mwa Exaucée

Kwa miaka mingi hapa Likasi, mtoto akiletwa hospitalini anakohoa, sisi madaktari tulijua ugonjwa wake kabla hajamaliza kukohoa. Ni kifua kikuu. Kama si kifua kikuu, ni vumbi la migodi. Kama si vumbi, basi mama yake hamfuniki vizuri anapolala. Tulikuwa na majibu matatu na tulijivunia kuwa nayo, kwa sababu tuliambiwa kwamba waliotutangulia walikuwa na mawili tu.

Ninawaandikia ninyi mnaoingia sasa kwenye wadi za watoto, na makoti yenu meupe ambayo bado yana mikunjo ya dukani. Mimi nilikuwa daktari wa watoto, Mama Docteur kama walivyoniita, na sasa nimestaafu. Ninafuga kuku. Wakikohoa, siwapi dawa ya kifua kikuu. Angalau hilo nimejifunza.

Msinielewe vibaya: yale majibu matatu yalikuwa ya kweli mara nyingi, na hapo ndipo ubaya wake ulipokuwa. Jibu linalokosea kila siku mtu hulitupa. Lile linalopatia mara nyingi, mtu huzeeka nalo.

Leo nataka kusema juu ya jibu la nne, lile la kifuko cha maji ndani ya pafu. Vitabu vyetu vya Kifaransa vinakiita kyste hydatique, jina ambalo mzazi akilisikia huuliza kama linatibika Lubumbashi. Kinaletwa na mnyoo mdogo sana anayeishi kwenye utumbo wa mbwa. Mbwa mwenyewe haumwi. Ananenepa, anabweka, analinda. Mayai ya mnyoo hutoka na kinyesi chake, yakanata kwenye manyoya na kwenye udongo. Mtoto anamkumbatia mbwa, anakula bila kunawa, na yai moja likipata bahati linasafiri na damu mpaka kwenye ini au kwenye pafu. Huko linajijengea chumba chake, linakijaza maji meupe yasiyo na tone la uchafu, na kinakua. Pafu la mtoto ni laini, halina ubishi, likisukumwa linasogea. Ndiyo maana mtoto anaweza kubeba kifuani mpira wa ukubwa wa chungwa na bado akaruka kamba shuleni.

Aliyenifundisha kuuogopa mpira huo ni Docteur Mwamba, mpasuaji wetu, mtu mrefu aliyeimba nyimbo za misa ndani ya chumba cha upasuaji kwa sauti ambayo mgonjwa alishukuru kuwa amelala. Siku moja alimkuta kijana aliyekuja kwetu kwa mazoezi, mwenye alama nzuri sana kutoka chuo, amesimama kando ya kitanda cha mtoto na sindano ndefu. Kijana alikuwa ameona kwenye picha kwamba kifuani kuna maji, na vitabuni maji huvutwa.

"Unafanya nini?" Mwamba akamuuliza.

"Ninatoa maji, Docteur, tujue ni maji gani."

"Uko na kiu?"

Kijana akajibu kwa heshima kwamba hapana, alikuwa amekunywa chai.

Mwamba akamtoa sindano mkononi polepole, kama mtu anayemnyang'anya mtoto kisu. Kisha akatueleza sote. Kifuko hiki hakidungwi. Maji yake yakimwagika ndani ya kifua, mwili unaweza kuyakasirikia kiasi cha kufunga pumzi na kuangusha presha hapo hapo kitandani. Na mtoto akinusurika, yale maji yana mbegu ndani yake kama mchanga. Ulipokuwa na kifuko kimoja utavuna shamba. Mwamba alikuwa amemwona mtoto akifa hivyo, zamani, mbele ya watu waliokuwa na alama nzuri zaidi. Tangu siku hiyo, mtu akikosea jambo lolote kwenye wadi yetu, hata akivunja kikombe, aliulizwa kama ana kiu.

Sasa nije kwa Exaucée.

Alikuwa msichana wa miaka tisa hivi, mwembamba, mwenye maswali. Aliletwa na shangazi yake, Tantine Béa, dada mkubwa wa baba yake, mjane asiye na mtoto aliyeishi kwenye uwanja wa nyumba ya mdogo wake huyo na kumlea yule msichana kama wake. Kituo cha afya cha mtaani kilikuwa kimeshampa Exaucée dawa za kifua kikuu kwa miezi. Alizimeza zote, akaendelea kukohoa, akaambiwa amezimeza vibaya.

"Kukohoa njo nini, Docteur, batoto bote banakohoa," Béa akaniambia. "Mambo yenye inaniogopesha ni kulala. Analala upande moja tu. Nikimugeuza, analia."

Sikilizeni sentensi kama hiyo. Vitabu havina nafasi ya kuiandika, lakini mtu aliyelala chumba kimoja na mtoto anayo.

Tukapiga picha ya kifua. Niwape hapa jambo la kubaki nalo: nimonia huchora wingu. Kifua kikuu huchora kama mtoto wa chekechea, mistari kila mahali. Kifuko cha mnyoo huchora kwa bikari. Pale kwenye pafu la kulia palikuwa na duara jeupe, ukingo wake safi, kama limepimwa. Tukamwangalia ini kwa mashine ya ekografi, ile inayoona ndani kwa mawimbi ya sauti, kwa sababu kifuko kimoja hupenda kuwa na ndugu. Ini lilikuwa zima. Nikamuuliza Béa kama nyumbani kuna mbwa.

"Imbwa? Iko tatu. Balinzi ya depot. Mukubwa banamuita Sécurité, njo rafiki ya Exaucée. Banakula pamoja."

Baba yake alikuwa mnunuzi wa mawe kwa wachimbaji wadogo, na magunia ya madini yalilala uwanjani, mbwa juu yake. Nyuma ya uwanja huo huo, mdogo wake Déo alichinja mbuzi kila Jumamosi kwa ajili ya michopo, nyama ya kuchoma kwenye makaa ambayo nusu ya mtaa wa Kikula iliifuata kwa pua. Mbwa, mbuzi, mtoto, wote uwanja mmoja. Mnyoo angechora ramani, asingeichora vizuri zaidi.

Baba alikuja kesho yake. Papa Exaucée alikuwa mtu wa sala, mwenye shati lililopigwa pasi na simu mbili. Nilikuwa nimeiweka ile picha mbele ya taa. Akaiona kabla hajanisalimu, na uso wake ukabadilika.

"Njo ile yai," akasema.

Nikamuuliza yai gani.

"Pasteur wetu alishaonaka, Docteur. Alisema Exaucée iko na yai mu kifua. Banamutilia mu chakula. Na Béa njo mwenye anamupikiaka yai, kila siku ya Mungu, kisha misa."

Alikuwa anasema uchawi. La kupika yai lilikuwa kweli. Béa alikuwa Mkatoliki wa kwaya, na kila Jumapili akitoka misa alimchemshia msichana yai, kwa sababu alimwona mwembamba.

Nikavuta kiti. Nikaeleza mnyoo, mbwa, damu, pafu. Nilieleza vizuri, ningejipa alama nzuri. Papa Exaucée alinisikiliza mpaka mwisho.

"Docteur, tulikuja juu ya mutoto, hapana juu ya imbwa. Imbwa yangu haina kintu. Na minye niko na macho." Akanyoosha kidole kwenye picha. "Hii ni nini, kama hapana yai?"

Ubaya ni kwamba pasta hakuwa mbali na ukweli. Yai, kwa kweli, lilikuwamo. Alikosea tu kuhusu aliyelitaga.

Siku hiyo hiyo mabegi ya Béa yalitolewa barabarani. Alikwenda kujisitiri kwa binamu yake mtaa wa Panda. Lakini baba alitia saini ya upasuaji bila swali hata moja. Katika kazi yangu nimewasihi wazazi kwa machozi wakubali kisu. Huyu alitaka kujua tu kwa nini hatuanzi mara moja. Nilichukua ruhusa yake na sikuuliza imetoka wapi. Ninyi pia mtachukua.

Siku ya upasuaji nilisimama kwenye kona, kazi yangu ikiwa kutogusa kitu. Bwawa la Koni liko karibu nasi kiasi kwamba ungedhani umeme unaweza kuja kwa miguu. Siku hiyo ulichelewa, kwa hiyo tulitumia jenereta, na mashine ya kunyonya majimaji ilikuwa ile ya zamani ya kukanyaga kwa mguu. Mwamba alifungua kifua, akazungusha vitambaa vilivyoloweshwa maji ya chumvi kali pande zote, ili tone likianguka liangukie mahali pa kufia. Kisha akaacha kuimba. Tulipomsikia amenyamaza, sote tulijua tumefika.

Alikata pafu kwa juu tu, taratibu, mpaka weupe ukaonekana. Hakuuvuta. Akamwambia mtu wa usingizi asukume hewa kidogo kidogo, na pafu lenyewe likaanza kukisukuma kile kifuko nje, kama linamsindikiza mgeni aliyechelewa kuaga. Mwamba alishika bakuli chini. Kikateleza, kikaanguka kizima, cheupe, kinang'aa, kinatetemeka. Niseme ukweli: kilikuwa kama yai lililomenywa.

Baada ya hapo alimimina maji ya uvuguvugu kwenye shimo lililobaki, hewa ikasukumwa tena, na viputo vikapanda. Kila kiputo ni tundu la njia ya hewa. Aliyashona matundu moja moja mpaka maji yakatulia. Mafundi baiskeli wa hapa mjini hufanya hivyo hivyo na mpira uliotoboka, na wao hawasomi miaka yote ile.

Mwamba alikuwa na desturi: familia lazima ione kilichotolewa. Alisema ni haki yao, na nadhani alipenda pia kuonekana amekitoa. Akatoka na bakuli hadi kwenye ukumbi. Papa Exaucée akalitazama, akapiga magoti, akamshukuru Mungu kwa sauti, kisha akatoa simu na kupiga picha.

Sisi wawili tulisimama pale tukitabasamu.

Kabla jua halijazama Kikula nzima ilikuwa imeliona kwenye simu yai la Béa. Madaktari wenyewe wamelitoa! Nani atabisha tena? Watu walikusanyika Panda mbele ya lango la binamu yake, mawe yakaanza kuanguka kwenye mabati. Binamu alimpitisha Béa kwa nyuma, akampandisha kwenye lori la unga lililokuwa linaelekea Kapolowe, ambako wazazi wa Béa waliacha kishamba. Tulikuwa tumemwokoa mtoto kwa ustadi mkubwa, na kwa ustadi huo huo tulikuwa karibu kumuua shangazi yake.

Béa alinipigia simu akiwa ndani ya lori. Nilisikia injini.

"Docteur, mutoto alilamuka?"

"Ameamka, Mama. Ameomba maji."

"Basi, muzuri," akasema, na simu ikakatika.

Exaucée alipona haraka, kama watoto wanavyopona, bila kutuuliza. Alikuwa na mrija kifuani unaotoa hewa kwenye chupa ya maji, na tulimpa glavu za mpira azipulize ili pafu lifunguke. Huo ni mtindo mzuri, uchukueni: mtoto hatapuliza kwa sababu umemwamuru, lakini atapuliza akiambiwa glavu itaota vidole. Alizichorea nyuso, akazitundika kitandani. Moja aliichorea shungi la kitenge. "Huyu ni Tantine," alisema. "Iko wapi?"

Baba yake akaangalia dirishani.

Kisha ukaja ugomvi wa dawa. Baada ya kisu, mtoto hunywa kwa miezi dawa ya minyoo, kuua mbegu yoyote iliyotoroka, na damu yake huangaliwa kila mara ili ini lisichoke. Papa Exaucée hakuiona sababu.

"Yai ilishatoka. Dawa ya nini tena?"

Nilimwonyesha bango letu, lenye mchoro wa mbwa, mbuzi na mishale: mbuzi hula mayai ya mnyoo majanini, mbwa hula pafu bovu la mbuzi. Alilitazama kwa adabu, kama mtu anavyotazama kalenda ya mwaka uliopita. Nilirudi ofisini nimekasirika. Mwamba alikuwa pale.

"Yule Déo," akasema, "anachinja Jumamosi?"

"Wewe unafikiria nyama."

"Ninafikiria nyama," akakubali.

Na mimi hapo ndipo nilipoelewa pa kwenda.

Jumamosi tukajialika. Mgeni anayesema anataka michopo hafukuzwi Kikula, tena daktari aliyemfungua mtoto wa nyumba kifua. Tukaketi uwanjani kati ya magunia. Papa Exaucée alituletea viti vya plastiki mwenyewe. Mbwa walikuwa wamekaa mstari mmoja nyuma ya Déo, kimya, kama wanakwaya wanaosubiri kuanzishiwa. Walijua ratiba.

Niliomba kuona mapafu ya kila mbuzi. Déo, kijana mcheshi mwenye aproni ya damu, akadhani ni uroho wa aina mpya, akanionyesha. Mbuzi wa kwanza alikuwa safi. Aliyefuata naye safi. Mwamba alikuwa ameshaanza kula, na mimi nikaanza kujiona mjinga mbele ya baba wa mgonjwa wangu. Kisha akaletwa mbuzi jike mzee. Déo akatoa mapafu, na pembeni mwa pafu moja palikuwa na uvimbe mweupe wa mviringo. Bila kufikiri akaweka kisu auondoe, na yule Sécurité akasimama.

"Ngoja!" nikapiga kelele.

"Ile?" Déo akacheka. "Ni maji tu, Docteur. Iko mu mbuzi mingi ya kizee. Ba-client hawapende kuiona, njo maana tunatupiaka imbwa."

Mwamba akaweka nyama chini, akanawa, akaomba kisu. Alifanya pale kwenye meza ya mbao kazi ile ile, kwa uangalifu ule ule, na kile kifuko kikateleza ndani ya beseni, cheupe, kinang'aa, kizima.

Papa Exaucée alisogea. Akatoa simu, akaitafuta ile picha, akaiweka kando ya beseni. Akatazama moja, akatazama nyingine. Mafuta yalikuwa yanadondoka kwenye makaa na hakuna aliyeigeuza nyama.

"Hii mbuzi," akasema mwishowe, "nani alimulogaka?"

Ni Déo, kisu mkononi, aliyejibu taratibu:

"Béa hakupikiaka mbuzi yai."

Papa Exaucée akaketi juu ya gunia la mawe. Nilikuwa na maelezo yangu tayari, na mishale yote. Sikuyahitaji. Aliyasema mwenyewe, huku akimtazama yule mbwa: "Shiye njo tunamupatiaka. Kila samedi. Kisha anaenda kulala na mutoto." Halafu akafunika uso kwa mikono yake miwili, mtu mzima, mbele ya wateja.

Dawa ilinywewa yote. Mbwa walitibiwa minyoo, jambo ambalo Sécurité alilikataa mpaka Déo akaificha dawa ndani ya nyama. Nyuma ya uwanja likachimbwa shimo lenye kifuniko kwa ajili ya mapafu na maini mabovu. Na Jumapili moja Papa Exaucée akasimama kanisani kwao kutoa ushuhuda. Nilialikwa. Alisema mbele ya wote kwamba dada yake hakufanya kitu, na kwamba ugonjwa ulitoka uwanjani kwake, kwa mikono ya nyumba yake.

Pasta akaichukua maikrofoni haraka. Akasema yeye aliona yai, na yai lilikuwamo; nani alilitaga, hakuonyeshwa. Kisha, kwa vile hakupenda kushindwa, akatangaza kwamba roho mchafu husafiri ndani ya mapafu ya mbuzi, na muumini yeyote atakayemtupia mbwa mapafu mabichi amemfungulia mlango. Azike! Loo, miaka yote nilibandika mabango, na mtu huyu kwa pumzi moja aliwafanya watu wachimbe mashimo mtaa mzima. Nilisema amina. Nilisema kwa sauti kubwa.

Ilibaki Kapolowe. Nilikwenda nao, kwa sababu gari lilikuwa langu na Exaucée alikuwa amekataa kuingia la mtu mwingine. Tulimkuta Béa shambani, ameinama kwenye mahindi machanga. Msichana akakimbia na hakusimama njiani kuvuta pumzi. Mimi, kwa mazoea ya kazi, nilikuwa namsikiliza kifua. Béa alimshika, akamgeuza huku na huku, akamfunua blauzi akaona kovu, akamfunika.

Papa Exaucée alisimama mwisho wa tuta na viatu vyake vya mjini. Alisema yote aliyokuja kusema. Alisema ameikosea damu yake, na kwamba kanisani amekwisha kusema. Béa alikuwa amerudi kwenye palizi, naye alizungumza na mgongo wake.

"Rudia nyumbani, dada," akamaliza.

"Kwako kule banaona mayai mpaka mu kifua ya bantu," Béa akasema bila kuinuka. "Huku kuna mahindi tu. Mutoto atakuja vacances, masomo ikifungwa. Imbwa itabakia."

"Na minye?"

Béa akanyooka, akamtazama kutoka viatu mpaka shati lile la pasi. Akaenda kwenye kibanda. Tulidhani amekwenda kulia, au kufunga mlango.

Akarudi na jembe la pili, akampa.